Shangazi na Urefu wa "Kule"

Shangazi yangu anapima barabara kwa masikio. Sitanii. Ukimuuliza mtu wa huko porini ziwa liko wapi, hakutajii kilomita, anakwambia "kule". Mimi na wewe tunasikia neno moja. Shangazi anasikia mengi. "Kule" fupi ni karibu, usibadilishe hata gia. "Kulee" ni kama saa nzima. "Kuleee" ya kupandisha sauti mpaka inakuwa nyembamba kama ya mbu, na kidevu kimeinuliwa, hiyo jaza mafuta kwanza.

Elimu hiyo kaipata kwa miaka kumi na tisa ya kufuata samaki. Alianza kwa kudandia matrekta na malori ya mkaa, beseni mapajani. Baadaye akanunua pikapu ambayo mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Nyuma kaweka friji lake mwenyewe la jikoni. Lilipokufa hakulitupa, kalilaza chali, analijaza barafu na kuifunika maranda ya fundi seremala. Jikoni kwake mpaka leo kuna alama ya mraba sakafuni, pale friji lilipokuwa limesimama, na hajaweka kitu kingine. "Mwenyewe yuko kazini," anasema.

Mwaka huu mambo yalimbana. Maziwa mawili ya karibu yaliingiliwa na malori makubwa, yeye akifika anakuta magamba tu. Meza yake sokoni ikakaa tupu wiki mbili, na jirani yake muuza nyanya akaanza kuipangia nyanya zake, kidogo kidogo, kama mchezo. Ndipo ikaja salamu kutoka ziwa la tatu, lile dogo ambalo gari la mjini halijawahi kufika. Wavuvi wa huko wanamtaka mnunuzi wa kila Alhamisi, na watampa kazi wa kwanza atakayewafikia na barafu ambayo haijawa maji.

Shangazi akaja kunigongea dirisha.

"Wewe si unasema unachoka kukaa? Amka uendeshe."

Tuliondoka jua halijatoka. Mimi usukani, yeye masikio. Kila njia panda tunasimama, anashusha kioo, anasalimia, anauliza, halafu anafumba macho kusikiliza jibu.

"Rudia hapo mwisho, baba."

Mtu anarudia. "Kilomita nane," shangazi ananiambia. Tukifika naangalia geji, nane kweli. Anajua mpaka kupunguza na kuongeza: mwenye baiskeli hulifupisha neno, aliyebeba ndoo kichwani hulirefusha, maana kwake kila kitu ni mbali.

Penye daraja la magogo tulimkuta mlinzi wa shamba la alizeti, kakaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake, blanketi mabegani. Shangazi akamuuliza ziwa.

"Kuleeeee," akasema, mdomo wazi mpaka magego tukayaona.

"Hii ndefu hivi sijawahi kuisikia," shangazi akaniambia. "Thelathini, si chini ya hapo. Kanyaga."

Nikakanyaga. Kilomita kumi, kumi na tano, njia inazidi kuwa nyembamba, majani yanapiga kioo. Nyuma nikasikia tone. Halafu matone. Kwenye kilomita ya ishirini na mbili njia ikaishia kwenye shimo la kokoto. Mbele hata mbuzi asingepita.

"Shangazi, ndilo ziwa lenyewe hili?"

"Koma wewe. Geuza gari." Nikiwa nageuza akaongeza, "Barafu hii ikiisha, mwanangu, yule wa nyanya atachukua mpaka kiti changu."

Tulirudi mpaka darajani. Mlinzi sasa kasimama, kanawa uso, kikombe cha chai mkononi.

"Baba, ziwa umesema liko wapi?"

"Kule," akajibu, kifupi kama mtu anayekata kucha. Kidole kikaonyesha nyuma ya kibanda chake, kwenye kijia ambacho sisi tulidhani ni cha chooni.

"Mbona alfajiri umesema kuleeeee?"

Mlinzi akafikiri. "Alfajiri nilikuwa napiga miayo, mama."

Shangazi alicheka mpaka akashika dashibodi. "Miaka kumi na tisa," akasema akifuta machozi, "na miayo sikuiweka kwenye hesabu."

Kilomita tatu tu. Miti ikaachana, ziwa hilo hapo, dogo, limetulia, mitumbwi minne imevutwa nchi kavu. Kiongozi wa wavuvi, jamaa mwembamba aliyevaa koti la mvua bila shati, hakusalimia sana. Alifungua friji, akazamisha mkono kwenye maranda mpaka kiwiko. Shangazi akanishika mkono kwa nguvu.

"Ipo," jamaa akasema. "Ila imebaki nusu."

Samaki walikuwa makreti sita. Vijana wakaanza kupakia yote, shangazi akaweka mguu mbele yao.

"Barafu hii inabeba matatu. Mkinijazia sita, kesho mtu ataumwa tumbo na atasema ni samaki wa ziwa lenu."

"Wenye malori wangebeba yote," mmoja akanung'unika.

"Basi kawasubirini."

Kiongozi akamwangalia, akaliangalia friji, akacheka kwa pua. "Pakieni matatu, mengine tutakausha. Mama, Alhamisi ijayo njoo na barafu ya makreti sita."

"Saba," shangazi akasema.

Nilipokuwa nafunga friji kwa kamba nilimwona anaingia majini kunawa mikono, na viatu vyake miguuni, kasahau kuvivua. Akasimama pale, maji ya magoti, anacheka peke yake, mabega yanatikisika. Wavuvi wakaniuliza ana nini. Nikawaambia ndiyo kwanza amepata ziwa.