Sabuni ya Mama

Juzi nilimuona mjukuu wangu Furaha akifunika sufuria ya sabuni, jirani asione. Nikakumbuka mchana mmoja kwetu Mulongwe, harufu ya mawese ikijaa uani. Mama alikuwa akimuonyesha jirani yetu, Mama Zaina, kupima maji ya majivu: yai likielea, yamekolea.

Sabuni ndiyo ilitulisha, nami nilidhani ujuzi ni kama chumvi, ukiugawa unapungua.

“Mama, unamupa yote! Weye utabakia na nini?”

Mama Zaina akacheka. “Huyu mutoto iko mukali kama kuku mwenye vifaranga!”

“Nyamaza, shika yai,” mama akaniambia.

Mama alifariki kabla sijajua kupika sabuni. Mama Zaina ndiye alinifundisha, hakuficha kitu. Na miye nitafundisha kila atakayeniuliza.