Kurasa Kumi na Nne za Mama wa Vitumbua

Siku ile walikuwepo bibi mwenye nyumba tuliyopanga, mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, fundi cherehani wa barazani kwetu, mama wa vitumbua, na mimi. Nyuma yetu mstari ulikwenda hadi kona, watu nisiowajua. Wadogo zangu wawili walikuwa chumbani, hawajala tangu jana yake mchana.

Nimewataja tena wote wiki iliyopita, kimoyomoyo, nikiwa nimesimama Kariakoo mbele ya lile duka tulilopangia foleni ya unga. Siku hizi linauza makava ya simu. Binti muuzaji akaniuliza, "Mama, unatafuta la simu gani?" Nikamwambia sitafuti kitu, naangalia tu. Akanisogezea kigoda nikae, nadhani aliniona nimechoka. Sikuwa nimechoka. Sikuwa chochote.

Kama ulikuwepo miaka ile, huhitaji kusimuliwa foleni ya unga. Kama hukuwepo, ilikuwa hivi: duka likipata mzigo, habari ilifika mtaani kabla lori halijazima injini. Alfajiri watu walipanga mawe mbele ya mlango, kila mtu na lake, kisha wakaenda kuchota maji na kuandaa watoto. Jiwe liliheshimiwa kama mtu. Sharti lilikuwa moja tu: mlango ukishafunguliwa, jiwe halina thamani. Lazima usimame mwenyewe. Ukitoka, umetoka.

Mama wa vitumbua hakuokota jiwe barabarani kama sisi. Aliweka figa, mojawapo ya yale matatu aliyopikia, jeusi kwa masizi. "Atakayeliiba hili," alisema, "kesho asije kuniuliza vitumbua viko wapi."

Mimi niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao baba na mama walifuatana kaburini. Wadogo zangu waliendelea kusoma, nami nikabaki na kazi ya kufua nguo Upanga na kutafuta unga. Kwenye sanduku la baba kulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Jalada lilikwishabanduka, hivyo mpaka leo sijui kinaitwaje. Nilikwenda nacho kwenye foleni ili nisisinzie. Siku moja bibi mwenye nyumba akaniuliza, "Wewe, unanong'ona nini peke yako? Umepagawa?" Nikamsomea kwa sauti. Ikaanzia hapo.

Kilikuwa kitabu cha mwanamke aliyetoka kwao kwa miguu kumfuata mtoto wake aliyechukuliwa na upande wa baba. Anatembea, ananyeshewa, anafanya vibarua, anatembea tena. Basi. Lakini mstari wote wa mbele ulikuwa ukisogea karibu kusikiliza.

"Dada, ruka hapo penye mito na milima," fundi alikuwa akisema. "Tupeleke penye ugomvi."

"Usiruke," mwalimu alimjibu. "Kitabu si dimbwi."

"Amesemaje?" aliuliza bibi, ambaye sikio moja halikusikia vizuri.

"Nyie nanyi! Mwacheni mtoto asome," mama wa vitumbua aliwakata. "Fundi, suruali ya watu ina mwezi wa pili kwako, sasa unataka kuharakisha hadithi?"

Watu walicheka, nami nikaendelea.

Nimefikiri sana baadaye kila mmoja alitafuta nini mle. Fundi alitaka ugomvi, kwake palikuwa kimya mno. Mwalimu alitaka kusikia maneno yaliyopangwa vizuri, alikuwa akifumba macho kama mtu anayepigwa na upepo. Bibi alitaka tu asikose linalowachekesha wengine. Mimi, nisikufiche, nilisoma kwa ajili ya unga. Siku zangu za kufua, wasikilizaji wangu walinitunzia jiwe, wakalisogeza, na mmoja wao akanipigia kelele nikitokea kona: "Kimbia, mlango unafunguliwa!" Bila kile kitabu nani angehangaika na jiwe langu?

Mama wa vitumbua alikuwa na sababu nyingine. Siku moja aliniambia akinifungia vitumbua viwili vilivyoungua, ambavyo hakuviuza, "Nataka kumwona yule mwanamke anafika. Mimi nilirudia njiani." Alitoka kusini, na huko aliacha mtoto.

Hakujua kusoma. Barua zake nilimsomea mimi. Miongoni mwazo ilikuwamo ya balozi wetu wa nyumba kumi, iliyosema kwamba ni mkazi wa mtaa na anajitegemea kwa mapishi. Nilimsomea mara mbili. Aliikunja akaiweka chini ya godoro, upande wa ukutani. Hakuna mwingine aliyejua ilipo.

Sasa siku ile. Zilikuwa siku za kuwasaka wasio na kazi mjini, wapelekwe kulima. Nilikuwa nasoma sura ya mwisho. Yule mwanamke amefika, amesimama uani, mlango umefungwa, na ndani kuna mtu anakohoa. Hapo hapo mambo mawili yakatokea pamoja: mwenye duka akafungua mlango, na mgambo wawili wakaingia mtaani wakiuliza vitambulisho vya kazi.

Mwalimu alionyesha karatasi yake ya kustaafu. Fundi akainua futi yake ya kupimia, wakampita. Bibi walimwamkia tu, "Shikamoo bibi," naye akasema, "Wamesemaje?"

"Mama, kitambulisho."

"Kazi yangu vitumbua."

"Hiyo si kazi."

"Jana ulivila vinne, mbona hukuuliza kama ni kazi?"

Watu walicheka sana, na nafikiri kicheko kile ndicho kilichomponza. Yule mgambo alimshika mkono.

Chumba chake kilikuwa nyumba ya nne kutoka pale. Kwenda na kurudi, ungemaliza kabla hujahesabu mia mbili. Mbele yangu walibaki watu wawili. Aliniona nikiangalia mlango wa duka, kisha nikimwangalia yeye. Hakuitaja barua.

"Mwanangu, usitoke kwenye mstari," alisema. "Nikirudi jioni utanimalizia."

Sikutoka. Niliufunga mdomo wa mfuko wangu, nikaufungua, nikapimiwa unga wa njano, nikashukuru. Ndipo nikakimbia chumbani kwake. Barua ilikuwa pale pale, upande wa ukutani. Nilipofika barabarani lori la mgambo lilikwishaondoka, na mtu mmoja aliyekuwa akifagia akaninyooshea upande lilikoelekea.

Jioni nilisonga ugali. Wadogo zangu walikula wakashiba, wakalala. Nilisubiri nilie, sikulia. Figa lake nililiingiza ndani lisichukuliwe. Wiki zikapita, balozi akauliza huko na huko, hakupata jibu. Mwezi wa tatu chumba kilipata mpangaji mwingine.

Sijui kama ile barua ingemsaidia. Mwalimu alisema isingesaidia. Fundi aliinamia cherehani yake. Wote wawili hawapo tena, wala bibi hayupo, na nyumba yake imekuwa ghorofa. Hakuna apangaye mawe Kariakoo. Watu wanasubiri huku kila mmoja akisoma simu yake, na hakuna anayeuliza "amesemaje?"

Kitabu ninacho. Barua ya balozi iko ndani yake, kwenye ule ukurasa wa kikohozi. Baada ya hapo zimebaki kurasa kumi na nne. Wadogo zangu walizisoma zamani, walikuwa watoto, walitaka kujua. Niliwakataza wasiniambie, na mpaka wamekuwa na wajukuu hawajaniambia. Wanasema, "Dada, soma tu, yamekwisha." Huwa nawajibu kwamba sina haraka.

Aliniambia nimmalizie yeye. Sijammalizia.