Binadamu ni Dhiraa Nne

Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, siku ya Jumanne, simu yangu iliita. Dakika nazitaja kwa sababu simu yenyewe iliziandika, nami sipendi kukadiria kitu kilichoandikwa. Nilikuwa kibarazani kwangu Bungu, ninapotengeneza cherehani, na mkononi nilikuwa na sindano iliyopinda. Aliyepiga alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeishi Kibiti katika nyumba aliyoijenga babu.

"Baba," alisema, "njoo utoe kitu chako."

"Shikamoo, shangazi. Kitu gani?"

"Marahaba. Hicho ulichokizika. Fundi kakigonga na sururu, sasa kakaa kule barabarani, hata shati lake hataki kuja kulichukua."

Nieleze. Mimi nimerithi jina la babu mzaa baba, na shangazi huichukulia habari hiyo kwa uzito wake wote. Kwake mimi ni babake mzazi. Kila alilokosea babu, naulizwa mimi. Nilipokuwa darasa la tatu alinihoji mbele ya wageni kwa nini nilimwoza kwa mume mvivu. Milango ya nyumba yake ni mifupi, na kila mgeni anapogonga kichwa hunitumia salamu za lawama Bungu. Nimezoea. Jina hukaa na deni zake.

Ukuta wa nyuma wa chumba chake ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, ufa wa kuingiza vidole vitatu, na mawingu ya masika yalikwisha anza kukusanyika. Mwanawe, binamu yangu, anafanya kazi Dar es Salaam na siku nyingi alitaka kumhamishia kwake Mbagala. Mwishowe walipatana hivi: ukuta ukiwa umezibwa ifikapo Ijumaa, mama anabaki. Ukiwa wazi, anakuja na gari kumchukua, yeye na kitanda chake. Shangazi aliwahi kulala Mbagala siku nne. Alirudi akasema kule watu wamebanana hata jirani akikohoa, wewe ndiye unayesafisha koo.

Kwa hiyo nilifunga kibaraza, nikapanda basi la kwenda Kibiti, na njiani nikayapanga kichwani yale ninayoyajua kwa hakika kuhusu babu, nikiyatenga na yale yanayosemwa.

Ninayoyajua kwa hakika ni haya. Alizaliwa Kiongoroni, kule delta, katika ukoo wa wakata mikoko. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, na korija ni ishirini. Babu alihesabu kila kitu kwa korija: boriti, nazi, madeni, hata miaka. Alikuja Kibiti wakati mji ulikuwa safu mbili za vibanda vya udongo, ameleta boriti za kuezekea duka la mfanyabiashara mmoja. Pale dukani ndipo alipomwona fundi mgeni akitumia pimamaji, kile kibao chenye kijichupa cha maji na povu dogo ndani yake, kinachoonyesha kama ukuta umelala sawa. Aliomba akishike. Akanyimwa. Yule mgeni alimwambia mkata mikoko hana haja ya kujua maji yanalala vipi, maana maisha yake yote analala nayo.

Babu hakurudi delta. Baada ya miezi michache alianza kuchoma matofali, na baada ya mwaka akawa mtu wa kwanza pale mjini kujenga nyumba ya tofali bila kumwita fundi kutoka mbali. Nimezihesabu zilizosimama hadi leo: ni kumi na tisa. Korija kasoro moja.

Sasa yanayosemwa. Inasemwa kuwa alipoanza msingi alizungushia kiwanja majamvi, akaingia peke yake, na mwenye nyumba akichungulia alifukuzwa na kazi ikasimama. Alipotoka, msingi ulikuwa umelala kama uji uliopoa kwenye sahani. Watu wakamuuliza anafanyaje. Alijibu neno moja tu maisha yake yote: "Nimeyauliza maji." Mji mzima ukaelewa kuwa ana jini la mtoni. Nimewauliza wazee watano kama yupo aliyemsikia akitamka neno jini. Hayupo. Lakini wote watano wanamjua jini huyo kwa sura, na mmoja anajua anapenda kula nini.

Nilipofika, watu kama kumi walikuwa wamesimama mbali na ule ukuta, kwa umbali wa mtu anayetaka kuona bila kuhusishwa. Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara. Ni mtu wa Umwe, makamo yangu, hodari kwa kweli, kifua wazi.

"Kaka," aliniambia, "mimi nilikuwa nachimba pembeni niimarishe msingi. Nikasikia ngli! Kutazama, chupa. Imefungwa nta, imeviringishwa kamba ya mafundo. Na maji yamo! Miaka yote hiyo chini ya ardhi, maji yamo! Hilo zindiko, kaka. Nyumba ilizindikwa."

"Umeigusa?"

"Niiguse nina wazimu?"

Alikuwa amekwisha mpigia simu mganga mmoja. Bei ilikuwa shilingi laki moja na nusu taslimu, mbuzi mweusi, na doti ya kaniki. Mbuzi sokoni siku hiyo alikuwa elfu tisini, kaniki elfu kumi na mbili. Niliandika. Mganga alikuwa na nafasi Jumamosi.

"Jumamosi mimi niko Mbagala nasikiliza watu wakikohoa," alisema shangazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchicha, mtulivu kuliko wote. "Fundi, kwani sharti la zindiko ni nini?"

"Sharti, bibi, linajulikana. Aliyeweka ndiye atoe. Akiwa hayupo ndiyo unatafuta mganga."

"Aliyeweka yupo. Ndiye huyo anakuandika kwenye daftari."

Watu walicheka, halafu wakaacha. Walinitazama upya. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kuwa hata masikio ni yaleyale. Fundi alifikiri sana, akasema kisheria inakubalika.

Nilivua viatu, si kwa imani yoyote, bali kwa kuwa kulikuwa na tope. Nikainama pale pembeni na kuitoa chupa. Ilikuwa ya kijani, nene, ya zamani, imejaa maji karibu yote. Nilipoilaza kiganjani niliona povu, dogo kama punje ya kunde, likitembea toka upande mmoja hadi mwingine. Katikati ya chupa palikuwa na mikwaruzo miwili ya msumari, imeachana upana wa kidole.

Mimi natengeneza cherehani. Darasa nililifikia la saba, mengine nimejisomea usiku na mchana kwa vitabu vya kuazima. Lakini povu kati ya mistari miwili sihitaji kusomeshwa. Niliketi juu ya tofali nikacheka peke yangu, jambo lililowarudisha watu nyuma hatua tatu.

"Fundi," nikamwita, "hii ni pimamaji."

"Ndivyo maneno yanavyoanzaga," alijibu akiwa ng'ambo. "Utaambiwa ni pimamaji."

Nikaifungua ile kamba. Ilikuwa na mafundo ishirini, yaani korija. Nilipima toka fundo hadi fundo kwa futi ya mkononi: sentimita arobaini na nne, dhiraa moja ya mtu mfupi. Nikaitandaza mbele ya nyumba, toka pembe hadi pembe. Ikaenea, haikubaki wala haikupungua. Nikaipima kwenye mlango: mafundo manne kamili. Hapo nikakumbuka msemo wa babu ambao nyumbani tuliuchukulia kama wosia wa unyenyekevu: "Binadamu ni dhiraa nne, atakayezidi ainame." Kumbe alikuwa anataja kipimo cha mlango.

Fundi alivuka barabara polepole, akasimama nyuma yangu. Hofu ilikuwa imeanza kumtoka, na mahali pake paliingia kiburi, ambacho kwa kazi ni kibaya zaidi.

"Basi kama ni pimamaji," alisema, "tuachane nayo. Yangu mpya. Mimi ukuta wangu uko sawa."

Ukuta uliopasuka alikuwa amekwisha ubomoa, na mahali pake amejenga safu mbili za matofali, zile mafundi wanazoziita kozi. Nikailaza chupa juu ya kozi ya pili. Povu likaikimbia mistari, likaenda kujibanza shingoni mwa chupa. Nikaigeuza chupa, kichwa mkiani, maana kifaa kinachodanganya hudanganya tofauti ukikigeuza. Povu likarudi upande uleule wa ukuta, sasa likajibanza kwenye tako la chupa.

"Mzee hajaridhika," alisema mtu nyuma.

"Chupa ya miaka sabini!" fundi alilalamika. "Mnalinganisha na kitu cha dukani?"

Nikamwambia tusibishane, tulete mpira wa maji, ule mrefu unaopitisha mwanga. Maji ndani ya mpira hayana babu wala duka. Tukashika kila mtu mwisho wake. Upande wa kushoto wa ukuta ulikuwa chini kwa vidole viwili. Pimamaji mpya ilikuwa imeangushwa mahali fulani, fundi akakumbuka, kwenye bodaboda, mara mbili.

Hapa ndipo nilipotaka kumweleza kila kitu kwa utaratibu: kwamba jini halikuwepo, kwamba babu aliwafukuza watu kulinda ufundi aliounyimwa na kuuiba kwa macho, kwamba majamvi yalikuwa ya kuficha chupa moja. Nilikwisha fungua mdomo. Shangazi akanikata.

"Baba, nyamaza. Umekwisha sema." Halafu akamgeukia fundi na sauti ya upole kabisa. "Mwanangu, mimi mambo haya siyajui, mimi mwanamke wa korija nne, nangoja kufa. Ila nilisikia kwa wakubwa kwamba kitu cha namna hii hakimdhuru anayekichimbua. Humfuata anayeacha kazi katikati."

Fundi alimtazama, akaitazama chupa, akanitazama mimi na masikio yangu.

"Humfuata mpaka wapi, bibi?"

"Umwe si mbali."

Alivaa shati lake. Alibomoa kozi zote mbili mchana uleule, akazijenga upya kwa nusu mfuko wa saruji ambao nilinunua mimi, kwa kuwa ilikuwa haki. Jumatano alifika kabla ya jua. Kila baada ya kozi moja aliniita: "Mzee, njoo uweke." Nami, mtu wa cherehani, niliilaza chupa juu ya ukuta kwa uso mkavu huku watu wakinyamaza. Alhamisi alasiri ukuta ulizibwa. Ni ukuta ulionyooka kuliko wote niliowahi kuuona, na fundi hakudai hata senti ya nyongeza.

Jioni tulikaa ndani, shangazi na mimi, tukiutazama. Nikamuuliza alijuaje kunipigia simu haraka vile.

"Unaniuliza mimi? Nani alikuwa anakushikia ncha ya kamba ndani ya majamvi, nina miaka minane, nimekatazwa hata kupiga chafya?"

Akaendelea kung'oa mizizi ya mchicha.

"Ulipopata pimamaji ya dukani ukaizika ile pembeni, ukaniambia, usimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Mume wangu hajui. Mwanangu hajui. Mwanao mdogo, ndugu yangu, mpaka anaingia kaburini hajui."

"Sasa mbona mimi umeniambia?"

"Wewe nimekwambia nini usichokijua? Ni yako."

Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimelichukulia jina lile kama mzaha wa nyumbani. Niliiweka chupa mapajani.

"Ila mlango," alisema shangazi, "mlango ule ulinifupishia. Hilo bado."

Ijumaa saa nne asubuhi binamu alifika na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kukodi, kitupu, na kamba za kufungia kitanda. Ni mtu mrefu, kwa dhiraa za babu ni nne na kitu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaugonga ukuta kwa ngumi, akaupima kwa jicho. Akaja mbele kwa hasira ya mtu aliyelipa gari bure, akaingia ndani bila kuinama.

Ulikuwa mlio mkavu.

"Karibu," alisema shangazi akiwa kitandani pake. "Msalimie babu yako."

Binamu alikaa sakafuni, ameshika paji la uso. Alipopata fahamu zake alisema maneno ambayo sitayaandika, halafu akauliza kama kuna panadol. Nikatoka nikanunua. Alirudi Dar es Salaam na viazi vikuu na nazi korija moja na nusu, kirikuu kisirudi kitupu, na mama yake akabaki akimpungia mkono kutoka kwenye mlango unaomtosha yeye kabisa.

Niliporudi Bungu nilifanya hesabu, kwa kuwa nilikwisha andika mwanzo wake. Mganga laki moja na nusu, mbuzi elfu tisini, kaniki elfu kumi na mbili: jumla laki mbili na elfu hamsini na mbili ambazo hazikutoka. Toa nauli yangu ya kwenda na kurudi, elfu nne. Toa nusu mfuko wa saruji, elfu nane na mia tano. Toa panadol, mia tano. Zimeokoka shilingi laki mbili na elfu thelathini na tisa.