Siku Wifi Yangu Alipopigiwa Makofi

Wifi yangu ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya wasichana, na tangu aingie katika ukoo wetu sidhani kama yupo anayemwita kwa jina lake, isipokuwa labda mhasibu wa shule. Sisi wengine tunamwita Springi. Jina hilo alilipata siku ya kwanza alipokuja nyumbani kutambulishwa. Lango lilikuwa limejifunga, ufunguo hauonekani, na wakati mdogo wangu, mchumba wake, akihangaika kumtafuta fundi wa kufuli, mgeni alikunja sketi, akauruka ukuta, kisha akapiga hodi mlangoni akiwa tayari yumo ndani ya ua. Mama alimtazama toka utosini hadi unyayoni.

"Mwanangu," alimwambia mdogo wangu, "huyu mkigombana hatatafuta mlango."

Mdogo wangu hutengeneza michezo ya simu, ile ambayo vijana huiita magemu. Miaka ya mwanzo ya ndoa yao alizoea kwenda na mkewe kiwanjani jioni, akampiga picha za video akiruka shimo la mchanga, akiruka madawati, akiruka kutoka baraza moja la darasa hadi jingine. Kisha alijifungia chumbani na kumchora upya, picha baada ya picha. Kilichotoka humo ni mchezo wa msichana anayekimbia juu ya mapaa ya mji uliofurika maji, akiwapelekea wagonjwa dawa. Msichana huyo hana jina wala hasemi neno. Wachezaji wenyewe ndio waliombatiza Binti Mapaa. Kabla ya kila mruko hushusha bega la kushoto kidogo na kuutupa mkono wa kulia nyuma, na hapo ndipo mchezaji hujua kuwa wakati wa kugusa kioo umewadia. Wasichojua wachezaji ni kwamba wifi yangu alivunjika mtulinga, mfupa wa begani, utotoni, na bega lile halikurudi sawasawa mahali pake.

Wanafunzi wake walijua. "Mwalimu, ni wewe kweli?" walimuuliza.

"Ni mimi. Ulidhani nani, mama yako?"

Yeye mwenyewe hakuucheza. Alisema si mwendawazimu wa kukaa kitako akijiangusha mwenyewe kutoka juu ya paa.

Kampuni moja ya filamu ilipokuja kutaka kuufanya mchezo huo sinema, mdogo wangu alipendekeza niandike hati ya sinema hiyo. Nina shahada ya fasihi, na kwa muda mrefu nimeishi nikishuku kwamba haijawahi kumfaa mtu. Hii niliiona nafasi. Nilijiambia kazi ni nyepesi, maana hadithi ipo, shujaa yupo, wapenzi wake wapo tele. Nilipoketi kuandika niligutuka kugundua kwamba hapakuwa na kitu. Ukiuondoa mchezo mkononi mwa anayeucheza, kinachobaki ni msichana anayekimbia bila kusema. Kwa hiyo nilimpa maneno, mengi na mazuri, na juu ya paa la tatu nikampa hotuba nzima kuhusu upweke.

Mdogo wangu alisoma, akakuna kidevu. "Dada, maneno matamu. Lakini nani anayasema?"

"Binti Mapaa."

"Binti Mapaa ni yule aliyeshika simu. Hapa umemziba mdomo mwenye simu, ukampa mtu mwingine aseme."

Hadi leo sina hakika kama alisema kweli au alikuwa na wivu tu juu ya kitu chake. Nilizifuta hotuba. Pale penye mruko mkubwa niliandika neno moja: Anaruka.

Binti aliyechaguliwa kuigiza alikuwa hodari, ametokea kwenye maigizo ya jukwaani, na hakuwahi kuugusa mchezo ule. Kionjo cha filamu kilipotolewa hadharani, tulipigwa na butwaa sote. Matusi yalimiminika mtandaoni kama mvua juu ya bati. "Huyu anaruka kama anakwepa dimbwi na viatu vipya." "Rudisheni bega letu!" Bega letu, walisema, kana kwamba wamelinunua. Binti wa watu alijifunza kushusha bega mbele ya kioo mpaka shingo ikamkakamaa, na bado likawa bega la kuigiza.

Ndipo mwongozaji wa filamu, mtu asiyeivua miwani ya jua kichwani hata akiwa ndani ya nyumba, alipokuja kwa mdogo wangu na kuketi ukingoni mwa kochi.

"Shemeji," alimwambia Springi, "tunakuomba uturukie. Mruko mmoja tu. Uso hatutauonyesha."

Sote mle chumbani tulijua habari za goti. Mwaka uliotangulia alikuwa akiwaonyesha wasichana kuruka juu, akatua vibaya, kano ya goti la kulia ikachanika. Daktari aliishona, kisha akamweleza bila kupindisha: ikichanika tena, sahau kiwanja, na huenda utembee kwa fimbo. Wifi yangu hana kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka. Mdogo wangu akasema hapana kabla swali halijaisha, nami nikasema hapana. Springi alikuwa akipiga pasi suruali ya michezo. Hakuinua hata macho.

"Nitakuja."

"Wifi, goti!"

"Goti ni langu, wifi. Wewe unalo lako, na hujawahi kulitumia."

Picha ilipigwa mahali penye maghala ya zamani. Paa la kuanzia lilikuwa paa kweli, la zege. La kutua lilikuwa la mbao, limejengwa juu ya magurudumu ili lisogezwe, na katikati, chini, palipangwa magodoro mazito. Springi alilipima pengo mwenyewe kwa utepe, akaamuru paa la mbao lisimame pale alipojua anapaweza. Alipasha mwili moto kama anavyowapasha wanafunzi wake, akarudi nyuma, akakimbia. Bega likashuka, mkono ukaenda nyuma, na kabla sijavuta pumzi alikuwa ng'ambo, ametua kama paka juu ya zulia. Mafundi wa taa walipiga kelele za furaha. Mimi nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi.

Mwongozaji peke yake alikunja uso. Aliirudia picha kwenye skrini yake mara kadhaa.

"Imekuwa ndogo," alisema.

"Ndogo vipi?" Springi aliuliza akishuka ngazi. "Nimeruka au sijaruka?"

"Umeruka, shemeji. Ila hapa inaonekana bandia."

"Mimi naiona ya kweli," alisema yule binti mwigizaji.

"Wewe huujui mchezo," mwongozaji alimjibu. Akatoa simu, akaufungua, akauweka ubavuni mwa skrini ili tulinganishe. Wifi yangu akainama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kujitazama kwa makini mle ndani. Binti Mapaa alishusha bega, akapaa, akabaki hewani kama mtu aliyesahau kwamba kuna kushuka.

"Mbona hapa sishuki?" aliuliza. Akageuka. "Baba watoto, mbona sishuki?"

"Niliongeza kidogo," alisema mdogo wangu.

"Kidogo gani?"

"Kwa kipimo chako mchezo ulikuwa mzito, mke wangu. Watu wasingeucheza."

"Nimeuliza kidogo gani."

"Zaidi ya mara mbili."

Wifi yangu alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, kama mtu aliyeambiwa kwamba picha ya harusi iliyotundikwa ukutani mwake ni ya watu wengine.

"Kwa hiyo wanangu shuleni nimekuwa nikiwadanganya."

"Bega ni lako. Lote."

"Asante kwa bega." Akamgeukia seremala. "Lisogezeni hilo paa."

Seremala alimtazama mwongozaji. Mdogo wangu alikwenda kusimama mbele ya ngazi, mikono ameitanua.

"Hapana. Mama watoto, hapana."

"Ulinirusha miaka yote bila kuniuliza. Leo nitajirusha mwenyewe. Nipishe."

Mwongozaji alipaswa kukataa. Alilitazama jua lililokuwa likiteremka, akatazama saa, akasema, "Mara moja tu." Paa likasukumwa, magodoro yakavutwa haraka haraka kulifuata. Mimi nilikuwa na hati mkononi, imefunguliwa kwenye ukurasa wenye lile neno moja, na nikashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi kuandika. Nilifungua kinywa nimwite. Sikumbuki kama sauti ilitoka.

Alikimbia. Bega, mkono, na akaondoka. Alikwenda mbali kuliko nilivyodhani mwili wa mtu wa umri wake ungeweza kwenda. Vidole viligusa ukingo wa mbao, vikateleza. Akajigeuza hewani, mkono mmoja juu, miguu imekunjwa, akaanguka juu ya magodoro, na mguu wa kulia ukazama kwenye maungio ya magodoro mawili yaliyokuwa hayakubanwa vizuri. Nilisikia kitu kikilia kama rula ikivunjwa.

Na wakapiga makofi.

Wote: mafundi wa taa, maseremala, mpambaji, mshika kipaza sauti. Mmoja alipiga mluzi. Nilidhani wamerukwa na akili. Kisha nikaelewa, na kule kuelewa kulinitisha kuliko lile anguko. Mdogo wangu aliurefusha mruko, lakini anguko hakuligusa. Aliliacha kama alivyolipiga picha kiwanjani. Mkono ule ulioinuliwa, watu hawa walikuwa wameuona mchezoni ukishuka mara zisizohesabika, na kila mara kioo kilikuwa cheusi kwa kitambo, kisha msichana akasimama tena mwanzoni, mzima. Hatimaye walikuwa wamemtambua. Walimshangilia, wakasimama pale pale kungoja ainuke.

Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa kando ya ngazi, viganja vyake vimekutana kifuani. Naye alikuwa amepiga makofi.

Aliyekimbia kwanza ni yule binti mwigizaji, ambaye mchezo wenyewe hakuujua.

Goti halikuponyeka. Mkuu wa shule alikuja hospitali na maneno laini, akamweleza kwamba vipindi vya michezo vimepata mwalimu mwingine, na kwamba maktaba ina uhitaji. Springi alimshukuru, na alipoondoka akageuza uso ukutani.

Aliporudishwa nyumbani, mwongozaji alikuja tena, miwani ameiweka mfukoni. Aliomba radhi kwa muda mrefu na kwa dhati. Kisha akalisema lililomleta. Filamu nzima, alisema, hakuna kipande ambacho wachezaji watakiamini isipokuwa lile anguko. Angependa kulitumia: anaanguka, kioo kinakuwa cheusi, halafu yule binti anasimama na filamu inaendelea. Kila mtu ataelewa.

"Nionyeshe yote," alisema wifi yangu. "Ile ya kamera ya chini."

Mguu wake ulikuwa juu ya kigoda. Tulikaa kuizunguka kompyuta, mdogo wangu nyuma yetu. Akaanguka. Makofi yakaanza. Akaonekana amelala, mdomo unafunguka na kujifunga, na watu wamesimama wakitabasamu. Springi alinyoosha gongo lake, akagusa kona ya picha.

"Huyu nani?"

"Mimi," alisema mdogo wangu.

"Anafanya nini?"

"Mikono ilitangulia, mke wangu. Kichwa kilikuja baadaye."

Nilingoja atukane, maana ulimi wa wifi yangu ninaujua. Hakutukana.

"Litumieni," alimwambia mwongozaji. "Lakini msikate hapo mnapotaka kukata. Iacheni picha mpaka yule binti mwigizaji anifikie."

"Shemeji, ni muda mrefu mno. Watu ukumbini watadhani mashine imekwama."

"Hata mimi nilidhani hivyo, nikiwa pale chini."

Mwongozaji alinitazama, akitaraji mwandishi aseme jambo la kitaalamu. "Na makofi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Tuyatoe?"

"Yaacheni."

Kwenye kompyuta picha ilikuwa bado inakwenda, na mtu alikuwa bado amelala. Mdogo wangu aliinuka taratibu, akielekea jikoni.

"Kaa, baba watoto," Springi alimwambia, macho yake hayajabanduka kwenye kioo. "Bado sijainuliwa."

Akakaa.