Chipu Isiyo na Namba

"Mia tano kwa chipu iliyofutika namba? Unaniona mjinga?" nilimfokea muuza vyuma chakavu wa Kedowa.

"Mzee, punguza volyum. Hiyo imetoka kwa redio."

"Basi tuijaribu. Ikiongea, nalipa yote."

Nilikuwa nimebeba vifaa vyangu vya ufundi na redio mbovu ya marehemu mama, iliyokuwa ikituamsha kwenda kuchuma majani chai. Nikahesabu miguu ya chipu, nikailinganisha na ile iliyoungua, nikaipima kwa mita ya umeme, kisha nikaichomelea ndani ya redio. Redio ikakoroma, halafu ikatusalimu kwa Kikalenjin, "Chamgei!" Nikahisi niko jikoni kwa mama, alfajiri.

Nikatoa mia tano. Jamaa hakuitazama. Alikuwa ameikumbatia redio, macho ameyafumba.

"Ya nyanya yangu ilikuwa inakoroma hivi hivi," akasema.

Kumbe hata mwenye bei kali alikuwa na nyanya.

"Pesa ndiyo hiyo," nikamwambia. "Nipe redio yangu."