Maji ya Kuvuta

Bondia alikuwa mwanamke, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Aliuza miche kando ya barabara, karibu na karakana ya baiskeli, na mtu wa mwisho kumwibia mlimau alirudi kwao na meno pungufu. Baba yake aliamini fimbo ni mwalimu msaidizi. Mume akaja na imani hiyohiyo, mpaka siku alipolipwa kofi lake kwa mpini wa jembe. Mume alihama mji. Mpini ulibaki.

Kwa miche, hata hivyo, alikuwa na mikono ya mkunga. Mteja akimwambia mmea unakunywa maji kama ng'ombe, alicheka na kupasua bua kumwonyesha vimirija vyembamba kuliko uzi.

"Mdomo uko wapi? Pampu iko wapi? Jani linatoa mvuke juani, na kila tone linalotoka linamvuta mwenzake wa nyuma, foleni nzima mpaka mzizini. Maji hayapandi, baba. Yanavutwa."

Ndiyo maana majani yakiinama saa za jua kali hakushtuka. Jani limetoa maji mengi kuliko mzizi ulivyoweza kuleta. Jioni litasimama lenyewe.

Lakini aliporudi kutoka kwenye mazishi ya shangazi yake na kumwagilia miche kwa maji ya pipa alilomwagiza mdogo wake alijaze, majani yaliinama mchana na jioni hayakusimama. Akamwagilia tena, akazidisha. Asubuhi yalining'inia kama matambara, kingo zimeungua, na udongo chini umelowa chepechepe. Alibonyeza jani kwa vidole. Jani lenye afya hukakamaa, kwa sababu kila chembe yake imejaa maji kama mpira uliojazwa upepo. Hili lilikuwa limenywea.

"Kiu ndani ya tope," alisema. "Huu ni mkono wa mtu."

Na mtu alimjua. Kinyozi wa kibanda cha jirani alikuwa akiitamani ile nafasi ya miche ili aongeze viti, na wiki hiyohiyo alimtania mbele ya watu: "Bondia, siku moja utaamka ukute umebaki na kuni."

Alimkuta akimnyoa mteja. Akamshika shingo, akamburuta nje na mashine ikiwa bado inanguruma mkononi.

"Umemwaga nini kwenye miche yangu?"

"Mimi? Mama, una wazimu! Niachie!"

Akampiga ngumi ya pua. Hapo ingeishia, maana kwa Bondia ngumi moja ilikuwa salamu. Lakini mafundi wa baiskeli walishatoka kuangalia, naye akawageukia na kupaza sauti, "Ametia sumu! Hapo ambapo watoto wenu wanacheza!"

Neno sumu halihitaji shahidi. Mnyororo wa baiskeli ulimpiga Kinyozi usoni, akaanguka. Mtu akamkanyaga mkono. Mwingine, ambaye Bondia hakuwahi kumwona, aliokota tofali bila kuuliza kosa ni nini.

Mdogo wake Bondia alikuja mbio kutoka kwenye banda la ngozi, buti miguuni, mikono myeupe kwa chumvi hadi kwenye viwiko. Kazi yake ilikuwa kuzilowesha ngozi mbichi katika maji ya chumvi zisioze.

"Dada, kuna nini?"

"Kaniulia miche yote, huyu."

Mdogo wake aliinama, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akauonja. Uso ukambadilika.

"Ulimwagilia maji ya lile pipa?"

"Si nilikuagiza unijazie?"

"Ulisema kwa simu, maji ya kuvuta."

"Ya kuvuta kisimani! Kwa kamba na ndoo!"

"Dada." Aliitazama mikono yake. "Sisi bandani maji ya kuvuta ni yale ya chumvi. Yanavuta maji yaliyomo kwenye ngozi. Nilijua unataka kuua magugu."

Bondia alielewa mara moja, na kuelewa kulimuuma kuliko kipigo chochote cha baba yake. Chumvi ilikuwa imeigeuza ile foleni; ilisimama udongoni na kuyavuta maji kutoka ndani ya chembe za mizizi. Kila alipoona kiu akamwagilia, aliongeza chumvi ya kuinyonya mizizi. Nyuma yake tofali lilitua juu ya nyama, na Kinyozi akaacha kulia.

"Acheni! Si yeye!"

"Kaa pembeni, Bondia, tunakusaidia!"

Akajirusha juu ya Kinyozi. Mnyororo ulimchana mgongo, akaung'ang'ania mwili ule. Ubao ulishuka, akaukinga kwa mkono, akausikia mfupa ukikatika.

"Hakuna sumu! Ni chumvi yetu! Ni sisi wenyewe, mbwa nyie, ni sisi!"

Mdogo wake aliupora ubao, akamkita nao magotini yule aliyekuwa ameushika. Ndipo wakasimama. Wakatazamana, kisha kila mmoja akakumbuka ana kazi mahali fulani. Mteja wa Kinyozi alibaki barabarani nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa.

Hospitalini daktari alisema Kinyozi ataishi, ila jicho la kushoto limekwenda. Mke wake alifika akiwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili alikuwa nacho mkononi, na alikitumia: usoni, begani, usoni tena. Mdogo wake Bondia akainuka.

"Keti," Bondia alimwambia, bila kujikinga.

Mke wa Kinyozi alipochoka, alipangusa makamasi kwa kiganja. "Polisi wako mlangoni. Wanataka majina ya waliomfanyia hivi. Nawe, kama mtaa mzima, utasema hukuona kitu."

"Niliwaona wote, shoga yangu."

"Usiniite shoga."

"Sawa." Akasimama, akiushikilia mkono uliovunjika kifuani, akaelekea mlangoni. "Wa kwanza ni mimi," alimwambia polisi. "Andika."