Yangu Niachie Katikati

Edelmira Oyarce alipikia watoto wa shule moja mjini Talca kwa miaka ishirini na mitatu, lakini jina alilojivunia hakulipata kwa mapishi. Wenzake wa jikoni walimwita Injinia, na walimpa jina hilo kwa sababu yeye ndiye aliyejua lini kuhama.

Kuhama kwenyewe hakukuhitaji kubeba kitanda. Akiba ya uzeeni ya mfanyakazi wa Chile hukaa katika mmoja wa mifuko mitano, kuanzia A hadi E. Ule wa A unaruka kama mbuzi, wa E umetulia, na mwenye akiba ana ruhusa ya kuihamisha. Wanawake waliopita hamsini A imeshafungwa kwao, basi hao wa jikoni walicheza kati ya B na E. Huko Santiago kulikuwa na kijana mmoja mwenye tai nyembamba na maneno matamu, ambaye kwa ada ya mwaka aliwatumia wateja wake ujumbe: leo tokeni B, nendeni E. Ujumbe ukiingia, Edelmira aliacha hata vitunguu viungue. Jioni, saa ya chai, wanawake walijaa nyumbani kwake na mikate yao na parachichi la kuponda, kila mmoja akingoja zamu yake ya kubonyeza kwenye kompyuta. Mara mbili walikwepa anguko. Baada ya hapo Edelmira alikuwa haambiliki.

Aliyekataa ni mmoja tu, Nieves Lobos, mwosha masufuria. Wawili hawa waliitana komadre, kwa kuwa Edelmira alimsimamia ubatizo binti wa pekee wa Nieves. Nieves hakuwa na kompyuta wala hamu nayo. Edelmira ndiye aliyemfungulia akaunti, na namba ya siri akaiandika nyuma ya kalenda ya duka la gesi, ndani ya kabati lake mwenyewe.

"Yangu niachie pale C, katikati," Nieves alimwambia. "Mimi si mtu wa kukimbizana na hela, komadre."

"Utakufa maskini, we mwanamke!"

"Nitakufa nimelala vizuri. Usiiguse."

Vidole vya Nieves vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, malipo ya miaka thelathini ya maji ya baridi. Mume hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni ile akiba, na hamu ya kutimiza miaka sitini, astaafu, akae karibu na jiko la kuni, asishike sufuria tena mpaka kaburini.

Ukaja mwezi Machi wa mwaka ule wa barakoa, Nieves akiwa amebakiza miezi miwili tu. Shule ilifungwa, na televisheni ikawa haionyeshi ila wagonjwa na bei zinazoporomoka. Kijana wa tai akatuma ujumbe: wote E, haraka. Edelmira akahamisha yake. Kisha akafungua kabati, akaitazama ile kalenda. Alimpenda Nieves, hilo lazima lisemwe, na pia alipenda kuwa Injinia. Alijiona akimwambia siku moja wakinywa chai kwamba alimwokoa bila yeye kujua, na wote wawili wakicheka. Akabonyeza.

Alichojisahaulisha ni kwamba ombi huchukua siku nne za kazi kutimia, na wiki ile nusu ya nchi ilikuwa imebonyeza hapo hapo, foleni ikarefuka. Fedha za Nieves zilitoka C bei ikiwa chini kabisa, zikatua E, na bei za C zikaanza kupanda fedha zenyewe zikiwa hazimo. Edelmira alikuwa kama mtu anayeanua nguo mvua ikiwa imeshazilowesha.

Kijana akatuma tena: rudini B. Edelmira akarudisha yake. Ya Nieves akaiogopa. Kuirudisha sasa ni kukubali hasara, alijiambia, ngoja ipone kidogo kwanza. Akangoja. Mwaka uliofuata mfuko E wenyewe, ule wa watu waoga, ukaanguka vibaya, na kijana wa tai akawa hapokei simu. Ada yao alikuwa ameshaila, alaaniwe.

Nieves alipotimiza sitini, mama wa ofisi ya pensheni alimpigia hesabu, akamshauri avumilie kazini.

"Ni dunia nzima, komadre," Nieves alisema. "Nani hajapoteza?"

Watu waliporuhusiwa kuchota sehemu ya akiba zao mapema kwa ajili ya gonjwa lile, yeye hakuchota hata peso moja. Shule ilipofunguliwa akarudi kwenye masufuria. Edelmira akawa anamnyang'anya lile kubwa la maharage kila siku, eti anapunguza tumbo. Wenzao walisema ule ni upendo, na kweli ulikuwa upendo. Ila haukuwa upendo peke yake.

Kila baada ya miezi minne karatasi ya akiba ilikuja, na Nieves, ambaye macho yalishamchoka, alimpa Edelmira amsomee. Edelmira alisoma jumla, akauruka mstari wa chini, ule wa uhamisho wa mwisho.

Jioni moja ya Agosti, mvua ikinyesha, Nieves alifika na karatasi mpya na sweta la sufu.

"Nimekufumia. Kwa vidole hivi, kwa hiyo usicheke."

Mkono mmoja wa sweta ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Edelmira alilivaa.

"Kesho naenda kustaafu, wanipe watakachonipa," Nieves alisema. "Siwezi tena. Na bila wewe kuniangalizia, komadre, wangekuwa wameshanimaliza. Haya, soma. Leo soma yote, nisikie vizuri."

Edelmira alisoma jina, akasoma jumla, akafika kwenye mstari wa chini. Alishauruka mara nne. Angeweza kuuruka mara ya tano.

"Fedha zimetoka mfuko C kwenda mfuko E," alisoma, "mwezi Machi, kwa ombi la mwenye akaunti."

"Ombi la nani?"

"Lako."

"Mimi sijaomba kitu."

"Niliomba mimi."

Birika lilichemka, hakuna aliyeliepua.

"Zingekuwa ngapi?" Nieves aliuliza.

"Robo zaidi. Pengine kupita hapo. Komadre, nilidhani..."

Nieves hakupiga kelele. Angepiga, Edelmira angepumua. Aliitazama mikono yake, akaikunja karatasi mara nne, akavaa koti la mvua, akatoka.

Kesho yake hakwenda kustaafu; robo ile ilibidi itafutwe upya. Alikuja jikoni, akafunga aproni. Edelmira, mwenye sweta jipya, alikuwa ameshalishika sufuria la maharage kwa masikio yote mawili. Nieves akasimama mbele yake.

"Niachie," alisema. "Hilo ni langu."

Edelmira aliliachia. Nieves akaliinua kwa vidole vile vile, akalipeleka kwenye sinki, akafungua maji.